Kitako cha Bunduki cha Mama Misumari

Juzi nilipita mtaa wa Tassia kumwona rafiki yangu aliyejifungua, na kwenye ngazi za ghorofa ya tatu nikakuta kijana anapaka mlango mpya mafuta ya kitani. Nilisimama pale na mfuko wangu wa ndizi na nepi, miguu ikakataa kupanda. Kijana akaniuliza, "Madam, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, ni harufu tu. Akadhani ninalalamika, akaanza kuniomba msamaha na kupepea kwa kitambaa. Wacha we! Kama angejua, angenimwagia mkebe mzima.

Harufu ile kwangu ni karakana ya baba yangu, ile ya mabati iliyokuwa kando ya Kangundo Road, upande wa Komarock. Kama ulikulia pale enzi zetu, ulipita mbele yake ukaangalia upande wa pili wa barabara, maana Baba alitengeneza majeneza. Vitanda alitengeneza pia, na kabati, na viti vya kanisa. Lakini mtu hununua kitanda mara moja akatosheka, na kufa hakuna msimu. Majeneza ndiyo yaliyotulisha, na sioni haya kusema hivyo, ingawa zamani niliona.

Baba alitoka Pwani, Mwislamu aliyelelewa msikitini, na sisi hatuzikwi ndani ya sanduku. Watoto wa mtaa walilijua hilo wakalifanya wimbo: "Babake Rukia anajengea watu nyumba, yake hana!" Nilipiga wawili kwa sababu ya wimbo huo, mmoja akapoteza jino ambalo, kwa kweli, lilikuwa linacheza tayari.

Sasa sikiliza jinsi jeneza lilivyopimwa, kwa sababu bila hilo hutaelewa kitu. Maiti yuko mochari, karakana iko Komarock. Basi jamaa za marehemu walikuja na kamba: ncha moja ilikuwa imewekwa kichwani, na fundo limefungwa penye visigino. Baba aliitandaza ile kamba mezani, akaipima kwa tepu yake ya chuma ya manjano, kisha akaongeza vidole viwili kila upande. "Maiti habanwi," alisema kila mara, na aliongeza vidole hivyo bila hata kufikiri, kama unavyofunga mlango wako ukitoka.

Na tepu ile haikumgusa mtu anayepumua. Hata siku moja. Aliyemfundisha kazi alimwachia mwiko huo na Baba akaushika kuliko mambo mengine mengi. Kitanda changu mwenyewe alikikata kwa kupima godoro. Hakunieleza sababu, nami nikajitafutia. Kwa akili yangu ya miaka minane niliona jambo liko wazi kabisa: tepu ndiyo inayoua. Si kwamba mtu anakufa halafu anapimwa. Anapimwa, halafu anakufa. Nililala na siri hiyo chumba kimoja na baba yangu, nikiitazama tepu imening'inia kwenye mkanda wa suruali yake ukutani, na nilimwogopa na kumwonea fahari kwa wakati mmoja.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi la mama mmoja tuliyemwita Mama Misumari. Jina lake hasa ni Wanjiru. Mwanamke mpana, sauti kama ya kondakta, na jicho la kulia lilikuwa limekufa. Siku moja alikuwa anamkatia mteja nondo kwa grinda, bila miwani kwa sababu alikuwa na haraka, cheche ikaruka. Jicho lilibaki pale pale usoni, lakini lilikuwa na utando mweupe na halikuona kitu. Mtaa mzima ulijua habari ya jicho. Kitu ambacho hatukujua ni kwamba Mama Misumari alikuwa mpiga shabaha. Si shabaha ya maneno, ambayo pia alikuwa nayo. Shabaha ya bunduki, ya kulenga karatasi yenye duara, na alikuwa ameshindana nayo miaka kumi na mbili kabla ya cheche ile.

Alikuja asubuhi moja na kisanduku cheusi kirefu mkononi, na leseni yake ndani ya bahasha ya plastiki. Kisanduku kilipofunguliwa juu ya meza ya Baba, Kamau, mchomeleaji wa banda la jirani, alikuja mbio na miwani yake ya kuchomea ikiwa kwenye paji la uso.

"Ai, Fundi!" akasema. "Kumbe siku hizi umeamua kujitafutia wateja mwenyewe?"

"Rudi kwenye mageti yako," Baba akamjibu, lakini nilimwona anazuia kicheko.

Mama Misumari hakucheka. Alieleza shida yake akiwa amesimama, mikono kiunoni. "Bega langu ni la kulia, Fundi. Kidole changu ni cha kulia. Jicho lililobaki ni la kushoto. Nimejaribu bega la kushoto miezi minane. Ni kama kula ugali kwa mkono usiokuwa wake. Unafika mdomoni, lakini hujala." Akakigusa kitako cha bunduki yake, ule mti unaokaa begani na kubeba chuma. Kilikuwa kimenyooka. "Nataka kinachopinda. Kianzie bega la kulia, kipite chini ya shavu, kije kutokea mbele ya jicho la kushoto."

Baba alikitazama muda mrefu. "Mama, mimi natengeneza majeneza."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wale wa bunduki wananiambia niagize ng'ambo, nisubiri mwaka. Mimi natafuta fundi anayejua kutengeneza kitu cha mtu mmoja tu, kisichomfaa mwingine. Wewe kazi yako ni hiyo." Halafu sauti yake ikashuka, na mimi niliyekuwa nimezoea kumsikia akipaaza bei ya simiti hadi ng'ambo ya barabara nikashtuka. "Baada ya wiki sita kuna mchujo wa timu ya shabaha. Nikishindwa siku hiyo, ninarudisha bunduki na leseni. Siwezi kukaa nayo nyumbani ikinitazama. Nimeshakata shauri."

Baba aliinama chini ya meza, akasukuma vipande vya saiprasi, akavuta ubao wa mvule mnene kama tofali, uliofunikwa vumbi. Ulitoka pale tawi linapoachana na shina, na mishipa yake ilikuwa imejipinda yenyewe, upande mmoja, polepole. Nilikuwa nimeuona pale tangu nianze kutambaa. Fundi mwingine angeuchoma kuni, maana haukufaa kwa kabati wala jeneza. Aliupangusa kwa kiganja, akamwonyesha. Mama Misumari akafuata mishipa ile kwa kidole kutoka ncha hii hadi ile, na kidole chake kikaishia upande wa kushoto.

"Ukiukata mti ulionyooka kwa kupinda, utavunjika," Baba akasema. "Huu umezaliwa hivi. Unatosha viwili, ukipasuliwa. Zaidi ya hapo sina."

"Kimoja kinatosha. Nipime."

"Sipimi mtu. Nitakupima kwa jicho."

"Kwa jicho!" Akacheka hatimaye, kicheko chake kile cha kuamsha mbwa. "Fundi, hapa shida yetu ni jicho."

Lakini alikubali. Na hapo ndipo nilipoanza kuona mambo. Bunduki haikulala kwetu hata siku moja, sheria haikuruhusu na Baba pia asingekubali. Mama Misumari aliileta saa za mchana, akamwachia msichana wake duka, akakaa kwenye kigoda akiilinda huku Baba akifanya kazi. Baba aliushika ule mtutu wa chuma juu ya kibatari mpaka ukawa mweusi kwa masizi, akaulaza ndani ya mtaro aliochimba kwenye mvule, akagonga kidogo kwa nyundo ya mti, akautoa. Kila palipogusana pakabaki alama nyeusi. Akachukua patasi akatoa weusi ule peke yake, uwembamba wa ganda la kitunguu. Kisha masizi tena. Kisha patasi tena. Mara arobaini, mara hamsini.

"Chuma kinaniambia panapokibana," alinieleza. Nikaamini neno kwa neno. Nilikaa chini ya meza na sikio langu kwenye mguu wa meza, nikisikiliza, na wallahi siku moja nilisikia kitu.

Baada ya wiki tatu kitako cha kwanza kikawa tayari. Kilikuwa kizuri kiasi kwamba Kamau alivua kofia. Mama Misumari alikiweka begani, akalaza shavu. Akakiondoa. Akakirudisha. Tulimngoja aseme kitu.

"Kinaelea," akasema.

"Vipi kinaelea?"

"Shavu langu halipati pa kukaa. Nikisogea kidogo, jicho limepotea. Ni pazuri, Fundi, lakini ni pakubwa. Nimo ndani kama mgeni." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotisha. Aliifunga bunduki yake ndani ya kisanduku kwa utaratibu mno. "Umejitahidi. Asante. Pengine ndiyo ishara yangu."

Akavuka barabara. Baba alibaki na kile kitako magotini. Alipitisha vidole pale pa shavu, akapitisha tena, kisha akavitia vidole viwili ndani ya lile bonde alilochimba, na nikaona uso wake unabadilika. Vilienea sawasawa. Akajaribu upande wa pili. Viwili.

"Ya Rabi," akasema. "Rukia, nimemtengenezea maiti."

Mkono wake ulikuwa umefanya yale uliyozoea kwa miaka ishirini: umeongeza nafasi kila upande ili mtu asibanwe. Lakini mtu wake safari hii alikuwa na shavu lenye joto lililotaka kubanwa. Urefu angeweza kupunguza. Pale pa shavu hapakuwa na la kufanya, mbao yake ilikuwa imeshakuwa vumbi sakafuni.

Alikaa juu ya kifuniko cha jeneza la mtu wa Kayole lililokuwa halijakamilika, na alikaa sana. Halafu akaniambia nivuke nimwite Mama Misumari, aje na bunduki yake.

Aliporudi, Baba alimweleza kila kitu: kamba, fundo, vidole viwili, mwiko. Alimweleza akitazama chini kama mtoto aliyevunja sahani. "Kimebaki kipande kimoja," akamaliza. "Nikikifanya kwa jicho nitakosea vilevile. Mkono wangu haujui walio hai." Akaninyooshea kiganja. "Lete tepu."

Tepu ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeichukua mara tu aliposema neno maiti, na nilikuwa nimeamua sitaitoa. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mabati.

"Lete, mama," Baba akasema kwa upole. Ananifanyia hivyo mpaka leo, kuniita mama anapotaka kitu kigumu.

"Usimpime!" Nilipiga kelele mpaka Kamau akazima mashine yake. "Atakufa! Usimpime, Baba!"

Hakuna aliyecheka, na mpaka leo nawashukuru kwa hilo. Baba aligeuka akanitazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alijua nilichokuwa nalala nacho. Lakini ni Mama Misumari aliyekuja. Alichuchumaa mbele yangu, na kwa mwili ule haikuwa kazi ndogo. Akaushika mkono wangu akauweka shingoni mwake, chini ya taya, mahali panapopiga.

"Unasikia?"

Palikuwa panapiga kwa nguvu. Hata yeye alikuwa anaogopa.

"Tangu jicho lizimike, watu wananishika kama mayai," akasema, nami nikajua haongei na mimi tu. "Wananivusha barabara. Wananisomea risiti. Sijafa, Rukia. Mwambie babako anipime kama mtu ambaye hajafa."

Nikatoa tepu. Mama Misumari alivua kitambaa cha kichwa, akasimama wima katikati ya yale majeneza, bunduki mkononi. Baba alisema bismillahi, na tepu ikagusa mtu anayepumua. Kutoka kunjo la kiwiko hadi kidole cha kufyatulia. Kutoka bega hadi mfupa wa shavu. Kutoka mfupa wa shavu hadi jicho lile zima. Alitaja namba, nami nikaziandika kwa penseli yake juu ya mvule, nikiuma ulimi nisikosee. Safari hii hakuongeza kitu.

Wiki tatu zilizofuata nilikuwa na kazi moja. Kila nikitoka shule nilivuka barabara kwenda dukani kuhakikisha Mama Misumari yuko hai. Kwa kuwa huwezi kuingia duka la watu na kutazama tu, nilinunua msumari. Mmoja. Siku ya kwanza aliniuzia kwa uso mkavu kabisa. Siku ya nne aliponiona mlangoni akanguruma, "Niko! Chukua msumari wako uende ukasome." Nilikuwa nayo kumi na mitatu kwenye mkebe wa kakao nilipoacha kuihesabu.

Kisha kitako cha pili kikaelekea mwisho. Baba alikipiga msasa mpaka kikawa laini kama ndani ya shavu la mtoto, kisha akachovya kitambaa kwenye mafuta ya kitani na kukipaka. Nilikuwepo. Mvule ule uliokuwa na rangi ya vumbi ulifunguka mbele ya macho yangu: kahawia, dhahabu, michirizi myeusi inayoteremka pamoja na ule mpindo kutoka bega hadi mbele, hakuna hata mmoja uliokatwa njiani. Nilishika mdomo. Niliona kama kitu kile kilikuwa ndani ya ubao siku zote chini ya meza yetu, juu yake nimekula, nimelala, nimefanyia hesabu za shule, na ni Baba peke yake aliyejua kukiita. Sijawahi kumwona mtu mkubwa kuliko alivyokuwa baba yangu saa ile, na kaptura yake yenye gundi.

Mama Misumari alikiweka begani akiwa amefumba macho, kama Baba alivyomwelekeza. Akalaza shavu. Kisha akafumbua.

"Yesu," akasema polepole. Alibaki pale, ametulia, akilenga kibao cha bei za simiti cha duka lake mwenyewe ng'ambo ya barabara, mpaka Kamau akamwambia, "Mama, tafadhali, watu wanapita."

Jumamosi ya mchujo alitupakia kwenye pikapu yake ya kubebea simiti, Baba kwa kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, mimi katikati. Uwanja ulikuwa nje ya mji, nyasi na upepo, na watu wenye vifaa vya bei kubwa waliokitazama kitako chetu kilichopinda wakatazamana. Mmoja aliuliza kama kimeungua. Nilimtafuta jino linalocheza nikalikosa.

Alilala kifudifudi kwenye mkeka. Baba alisimama nyuma yangu akaniziba masikio kwa viganja vyake viwili, vilivyonuka mafuta bado, kwa hiyo ninachokumbuka cha siku ile hakina sauti. Nakumbuka utulivu wake. Mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikaa kimya dakika nzima alilala pale kama kilima, shavu na mti vimekuwa kitu kimoja, huwezi kusema uso unaishia wapi na mvule unaanzia wapi. Mgongo wake ulipanda, ukashuka, ukasimama. Kitako kikaruka kidogo. Akangoja. Mgongo ukapanda tena. Mara ishirini, na kila mara nilibana pumzi pamoja naye, na kila mara niliona mgongo ule unapanda tena.

Walichukua watano kwenye timu. Walisoma majina, na la nne lilikuwa Wanjiru.

Alikuja kwetu akitembea upesi, bunduki mikononi, mdomo umefunguliwa kusema neno, na neno likakataa kutoka. Mama Misumari! Alisimama mbele ya Baba akitikisa kichwa tu. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni yakidondoka juu ya mvule, na nilipoinua macho kuyafuata yalikotoka, nikaona yanatoka pande zote mbili. Lile lililokufa lilikuwa linalia sawasawa na jenzake.

Nilimvuta Baba kanzu. "Baba," nikamnong'oneza. "Hata lile."

"Naona, mama," akasema, lakini alikuwa ameangalia pembeni.